Kisii ni kaunti, haina mikono

Bwana Mhariri,

Jumapili iliyopita mliweka picha kubwa ya sanamu ya jiwe kwa ukurasa wa utalii, ile ya familia ya watu watano wameshikana, imetoka poa kweli, halafu chini mkaandika tu "Sanamu ya Kisii". Hapo ndio niliweka chai chini. Kwani Kisii ndio ilichonga? Kisii ni kaunti, haina mikono. Siku Gor wakifunga mtaandika "bao la Nairobi" bila kusema ni nani amefunga?

Mimi nauza haya mawe ya kuchongwa, soapstone, huu ni mwaka wa kumi na moja, Jumamosi mnanipata Maasai Market pale parking ya High Court, kwa hivyo sio eti naongea tu juu niko na mdomo. Zile bakuli, sanamu za viboko, sahani za sabuni, chesi, zote zinatoka Tabaka, huko South Mugirango, Kisii, na huwa naenda kuchukua mwenyewe. Watu wa Nairobi wanadhani ni mashine. Wapi! Jiwe likitoka shimoni bado lina maji, ni laini, linakatwa na panga hivi kama unakata mkungu wa ndizi, halafu patasi, halafu kisu, mchongaji amekaa chini jiwe liko katikati ya miguu, vumbi jeupe mpaka kwa kope utadhani ameangukia gunia la unga (hilo vumbi nalo ni stori ya siku nyingine, mtu akikohoa pale hakuna anayegeuka). Akimaliza kina mama wanachukua, wanasugua na msasa ndani ya karai la maji, ule mkali kwanza halafu ule laini, vidole vinakunjamana kama vya mtu amefua siku nzima, kisha linakaushwa linapakwa nta ndio hiyo rangi inajitokeza, nyeupe, pinki, manjano, kijivu. Na ukigonga mahali jiwe lina mshipa, limeenda. Nimeona mzee amebakisha sikio moja la ndovu, likapasuka, akakaa akiliangalia tu. Kazi ya siku mbili na hakuna wa kumlipa.

Na msiniambie hawa ni watu hawajulikani. Elkana Ong'esa ni wa hapo hapo Tabaka, alizaliwa 1944, akasoma Makerere, akaenda McGill huko Canada, na Ndege wa Amani aliyemchonga 1978 yuko makao makuu ya UNESCO, Paris. UNESCO wanajua jina la mtu wa Tabaka, gazeti la hapa mwendo wa shuttle moja tu halijui. Ingawa tusiojua tuko wengi. Kila mtu amepiga picha na sanamu ya Kimathi pale Kimathi Street tangu 2007, sasa uliza hapo stage nani alimtengeneza kama utasikia mtu akisema Kevin Oduor.

Lakini wacha nisijifanye malaika. Kuna siku mama mmoja Mjerumani alishika kiboko cha jiwe akaniuliza amechonga nani, nikasema mtu wa Kisii, akasema sawa lakini anaitwa nani, nami kastoma mwingine ananivuta huku, nikataja jina la shemeji yangu. Shemeji ni fundi wa pikipiki. Yule mama akatoa kijitabu akaandika. Huko Ujerumani sasa kuna kiboko cha shemeji, na nikikumbuka naona aibu.

Safari iliyofuata nikamwambia mchongaji wangu, weka jina chini ya jiwe. Akacheka. Akaniambia broka hataki majina, kwa sababu mnunuzi akijua jina kesho atatafuta namba, akishapata namba broka atakula nini? Hiyo sikuwa nimewahi kuifikiria, nilidhani ni uzembe tu. Mwishowe akakubali, akakwaruza jina na msumari, herufi ndogo ndogo. Mzigo ukafika Nairobi, nikafungua magazeti yaliyofungia mawe, nikageuza jiwe la kwanza, hakuna. La pili, hakuna. Kumbe kina mama walidhani ni mikwaruzo wakasugua yote, tena vizuri! Ikabidi nirudi kueleza kila mtu pale kwa karai, na sasa niko na mawe kumi na nne yenye jina, na hakuna kastoma amekataa moja.

Ningewaandikia hilo jina hapa, mhariri, lakini mwenyewe ameniomba nisiliweke gazetini mpaka broka amalize kumlipa pesa za Disemba. Basi tumeni mwandishi Tabaka aulize mwenyewe. Wako wengine hawadai broka chochote.

Muuza mawe,
Nairobi