Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza kuhusu Waafrika wa Vita vya Makaburu

Mheshimiwa Waziri,

YAH: KIFUNGU CHA 8 CHA MKATABA WA VEREENIGING NA WALIOFIA KATIKA KAMBI ZA WAAFRIKA

Usiku wa tarehe 31 Mei 1902, katika jumba la Melrose House mjini Pretoria, Kitchener, mkuu wa majeshi yenu Afrika Kusini, na Milner, mwakilishi mkuu wa Uingereza huko, walitia saini kwa niaba ya serikali yako mkataba huo uliomaliza vita na Makaburu, wazungu wa Afrika Kusini wenye asili ya Kiholanzi. Kifungu cha 10 kiliwaahidi Makaburu pauni milioni 3 za kufufulia mashamba yao. Kifungu cha 8 ni sentensi moja tu: suala la kuwapa wenyeji haki ya kura halitaamuliwa mpaka baada ya Transvaal na Orange, jamhuri za Makaburu zilizogeuzwa makoloni yenu, kupata madaraka ya kujitawala. Waliokuwa wakisubiri madaraka hayo ni wazungu. Kwa hiyo aliyeachiwa kuamua kama Mwafrika apige kura ni yule yule aliyekuwa akimnyima kura siku zote.

Nakuandikia kwa sababu ya sentensi hiyo. Oktoba 1899, vita vikiwa vimeanza tu, Waziri wa Makoloni Joseph Chamberlain aliliambia bunge lenu kwamba jinsi Transvaal inavyowatendea Waafrika ni aibu na ukatili. Machi 1901, Kitchener alipokuwa akijadiliana na Jenerali Louis Botha wa Makaburu, Chamberlain huyo huyo alikataa katakata kununua amani kwa kuwaacha watu weusi katika hali waliyokuwa nayo kabla ya vita. Miezi 14 baadaye amani ikanunuliwa kwa bei hiyo hiyo.

Na waliouzwa hawakuwa watazamaji. Waafrika zaidi ya 100,000 walilitumikia jeshi lenu: wakaswaga ng'ombe wa kukokota magari, wakachimba mahandaki, wakapeleleza, wakapenyeza barua usiku katikati ya mistari ya adui. Mji wa Mafeking ulizingirwa na Makaburu siku 217, na Waafrika wa kabila la Barolong walishika bunduki kuulinda upande wao wa mji huku mgawo wa chakula cha Waafrika ukizidi kubanwa mpaka watu wakafa njaa. Sifa zote zilimwendea kamanda wenu, Baden-Powell. Ndani ya mji huo alikuwamo kijana mkalimani wa mahakama, Sol Plaatje. Mshike jina, nitamrudia.

Kisha zikaja kambi. Kitchener alipoamua kuchoma mashamba ili wapiganaji wa Kikaburu wakose chakula, moto haukuchagua rangi. Waafrika walioishi kwenye mashamba hayo walichomewa nyumba na mazao, wakanyang'anywa ng'ombe, wakasombwa hadi kando ya reli. Kambi zao zilizidi 60, na vita vikielekea ukingoni zilikuwa na watu zaidi ya 115,000. Wengi walijijengea vibanda kwa chochote walichookota. Wanaume walipelekwa kwenye kazi za jeshi. Wanawake, wazee na watoto wakalima mahindi, na chakula walikinunua. Desemba 1901 peke yake walikufa zaidi ya 2,800. Vifo vilivyoandikwa ni 14,154, vingi vya watoto, na wanahistoria wanakadiria kwamba waliokufa hawapungui 20,000, maana wengi walizikwa bila kuandikwa popote.

Waliteseka wanawake na watoto wa Kikaburu pia, tena vibaya sana: takribani 28,000 walikufa katika kambi zao, na sitaki kifo cha mtoto yeyote kipunguzwe uzito. Lakini wao Mwingereza Emily Hobhouse aliwatetea kwa kelele London, tume iliyoongozwa na Millicent Fawcett ikatumwa kuzikagua kambi zao, na mwaka 1913 wakajengewa mnara mkubwa Bloemfontein. Kambi za Waafrika hazikupata tume.

Mheshimiwa, mimi ni mwalimu wa historia hapa Morogoro. Mazimbu, walikosoma na kuishi vijana wa Afrika Kusini waliokimbia ubaguzi, hapako mbali na ninapofundishia. Baadhi yao hawakurudi kwao. Makaburi yao yapo, na wanafunzi wangu huyasoma majina kwenye mawe. Siku moja mwanafunzi aliniuliza hawa vijana walikuwa wanakimbia sheria ya nani. Nilianza na Makaburu walioshika serikali mwaka 1948, kisha nikalazimika kurudi nyuma, hatua kwa hatua, hadi Melrose House.

Kwani njia ni moja. Mwaka 1909 bunge lenu lilipitisha sheria ya Muungano wa Afrika Kusini iliyosema mbunge sharti awe wa asili ya Ulaya. Viongozi wa watu wasio wazungu, Walter Rubusana, John Tengo Jabavu na Abdullah Abdurahman, walikuwa wamesafiri hadi London kuipinga, ikapita hivyo hivyo. Muungano ukaanza 31 Mei 1910, miaka minane kamili tangu Vereeniging. Mwaka 1913 ikaja Sheria ya Ardhi, iliyowaachia Waafrika takribani asilimia 7 ya nchi yao. Mwaka 1914 ujumbe mwingine ukaja kwenu, na Plaatje wa Mafeking akiwamo. Waziri wa Makoloni, Lewis Harcourt, aliwasikiliza na hakuwasaidia. Hilo ni jambo la Afrika Kusini yenyewe, ndivyo walivyoambiwa. Kifungu cha 8 kilikuwa kinafanya kazi yake.

Wasaidizi wako watakushauri kwamba haya ni ya kale na hakuna aliye hai wa kudai. Juni 2013 William Hague, akiwa kwenye kiti chako, alisimama bungeni akaeleza majuto kwa mateso ya Wakenya wakati wa Mau Mau, na fidia ikalipwa kwa watu 5,228. Hao walikuwa hai na walikwenda mahakamani. Watoto wa kambi za reli hawana pa kwenda, ndiyo maana naandika.

Naomba serikali yako itoe tamko linalozitaja kambi za Waafrika, na likiri kwamba kifungu cha 8 kiliwatoa kafara watu mliosema mnawapigania. Naomba pia mgharamie kazi ya kuyatafuta majina, kuanzia kwenye nyaraka za Wizara ya Vita na Wizara ya Makoloni zilizoko kwenye hifadhi ya taifa lenu huko Kew, London, mkishirikiana na hifadhi za nyaraka za Pretoria na Bloemfontein, ili makaburi yaliyopo yaandikwe. Brandfort, mji wa Afrika Kusini ambao leo unaitwa Winnie Mandela, ulikuwa na kambi ya namna hiyo. Balozi wenu aende akalisome tamko hilo pale, tarehe 31 Mei.

Wako,
Mwalimu wa historia, Morogoro