Nilimshinda mjomba barazani, sasa haniongeleshi

Shangazi shikamoo. Mimi ni kijana wa Malindi, nina kiduka changu cha kutengeneza simu huku mjini, na shida yangu yaweza kukuchekesha lakini mwenzio silali.

Mjomba wangu ndo alonilea babangu alipofariki. Alikuwa mvuvi, sasa ana miaka sitini na tano hivi, na bahari aijua kuliko mimi nijuavyo simu. Mwaka jana nikampa simu nzuri, bando namwekea mimi mwenyewe, nikidhani ataangalia mawaidha na mpira. Kumbe kaingia kwa vidio za watu wasemao dunia ni bapa kama sinia, ati pembeni kuna ukuta wa barafu, ati picha zote za kutoka angani zimechorwa na kompyuta. Na hizi simu ukitazama moja zakuletea kumi, hilo ni mimi nilofaa kulijua.

Basi ikawa kila siku ni hilo. "Kama dunia ni mpira mbona maji hayamwagiki?" Namweleza kuwa kila mahali chini ni kuelekea katikati ya dunia, hasikii. Mwezi ulipopatwa ile 7 Septemba 2025 nikamtoa nje nimwonyeshe kivuli kinavyoumeza kwa mpindo, akanijibu kivuli cha nini, nani kakiona. Setilaiti nazo ati hazipo, na huyu Shangazi ni mtu wa Ngomeni! Pale baharini ndipo Waitalia waliporusha setilaiti ya Wamarekani, ikaitwa Uhuru kwa vile ilikuwa 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, na yeye ndiye alokuwa akitusimulia tukiwa wadogo vile moto ulivyopanda ukapotea juu. Leo asema yote ile iliangukia majini.

Sikukasirika mpaka mwanangu wa gredi ya tano alipokosa swali la mtihani kwa sababu babu kamwambia mwalimu ni muongo.

Hapo ndo nikakosea. Baada ya magharibi tuko barazani, watu kama wanane na kahawa, nikamuuliza kwa adabu kabisa, mjomba, jahazi likirudi kutoka mbali waanza kuona nini? Akajibu hapo hapo, "Foromali na tanga, mwili waja mwisho." Nikamwambia, sasa kama bahari ni sinia huo mwili wafichwa na nini? Mzee mmoja akapasua kicheko na wengine wakafuata. Mjomba akaweka kikombe chini, nusu ya kahawa imo, akavaa makubadhi yake akaenda zake. Wiki ya tatu hii. Chakula nikituma charudi, ati kashiba, na akipita dukani kwangu avuka upande wa pili wa barabara.

Mke wangu asema nimuombe radhi. Nitamuomba, sina kiburi hicho, lakini niseme nini? Nikisema nimekosa ataona nimekubali mambo ya sinia, na mtoto yuasikia. Rafiki yangu asema nimkatie bando, hilo nimekataa, itakuwa kama kumchapa mtu mzima.

Nina wazo moja. Babake alikuwa akienda Maskati na pepo za kusi, na mjomba hupenda kuhadithia vile nyota ya kibla, ile ya kaskazini, ambayo huku Malindi huioni kabisa, ilivyokuwa yachomoza njiani na kupanda kila wakisogea, hata wakifika iko juu ya maji ngumi mbili ukinyoosha mkono. Nataka nimwendee na mwanangu, bila watu wa baraza, nimuombe atuhadithie tena na mimi nisitie neno. Naogopa ataona ni mtego wa pili. Na Shangazi nisikufiche, ni mtego kweli, maana dunia ingekuwa sinia nyota hiyo hata huku tungeiona.

Niende nayo hiyo, ama niombe radhi tu ninyamaze? Nijibu upesi, Ramadhani haiko mbali na sisi twafuturu kwake.