Msimuulize Mzee Anakwenda Kufanya Nini

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote walio hapa nyumbani. Sisi hatujambo, na ni matumaini yangu kwamba nawe u mzima na shughuli zako zinakwenda vyema. Ama baada ya salamu, barua yako nimeipata na nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu swali uliloniuliza ni zito kuliko ulivyoliweka. Umesema kamati yenu imekwisha kupata gari dogo la abiria pamoja na madereva wachache wa kujitolea, na kwamba kilichobaki ni kukata shauri iwapo gari hilo litawapeleka wazee hospitali peke yake, au litawapeleka popote wanapotaka kwenda. Wengi katika kamati wanaona hospitali inatosha, kwa kuwa mafuta ni ghali na safari za matibabu ndizo za lazima.

Nitakujibu bila kuzunguka. Msiibane safari ya mzee kwa kutazama kusudi lake. Mzee anayechukuliwa nyumbani, akapelekwa hospitali na kurudishwa, ametibiwa, na hilo ni jema, lakini bado hajajitegemea. Kujitegemea kunaanza pale anapoamua mwenyewe kwamba Jumanne atakwenda kukata nywele, Alhamisi atamtembelea jirani wa zamani aliyehama, na Jumamosi hatakwenda popote kwa sababu hajisikii kutoka, na katika yote hayo asiwe na mtu wa kumtolea maelezo. Kijana mwenye gari lake hufanya hivyo kila siku, wala hakuna anayemtaka athibitishe umuhimu wa safari zake.

Katika huduma ya kwanza niliyoifanyia kazi, fomu ya kuombea safari ilimtaka mzee ataje kliniki anayokwenda na saa aliyopangiwa, na bila hayo ombi halikupita. Alikuwapo bibi mmoja ambaye kila mara alijaza kliniki ya macho. Dereva alikuwa akimshusha mlangoni, naye bibi anasimama pale akijifanya kutafuta kitu mkobani mpaka gari ligeuze, kisha anavuka ua polepole na kuingia jengo la pili, katika wodi alimolazwa dada yake. Macho yake hayakuwa na neno. Siku dereva alipomuuliza, kwa upole, alijibu kwamba kwenye ile fomu hakuona mahali pa kuandika dada. Hebu fikiri: mtu aliyelea watoto wakawa watu wazima, aliyesimamia kazi na kuheshimiwa, anafanywa asingizie ugonjwa ili akamwone nduguye wa tumbo moja. Waliotunga ile fomu hawakuwa na nia mbaya hata kidogo. Walikuwa na hoja ileile ya mafuta mliyo nayo ninyi.

Jambo hili limekwisha kufikiriwa na wengine kabla yetu. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1990 ya kulinda haki za watu wenye ulemavu iliyataka mashirika ya umma yanayoendesha mabasi ya kawaida yenye njia zilizopangwa yawe pia na usafiri wa kuagizwa, kwa ajili ya watu ambao ulemavu wao unawazuia kutumia mabasi hayo. Kanuni zilizoifuata sheria hiyo zinakataza waziwazi kuzuia safari, au kuipa moja kipaumbele juu ya nyingine, kwa kuangalia abiria anakwenda kufanya nini. Anayekwenda kwa daktari na anayekwenda kucheza karata wako sawa mbele ya kanuni. Zaidi ya hayo, ombi lililotolewa siku moja kabla ni lazima lipokelewe, na nauli isizidi mara mbili ya ile ya basi la kawaida. Sisemi kwamba mpango huo hauna mapengo. Unamtazama mtu kwa ulemavu wake, wala si kwa umri wake, na kwa lazima unafika robo tatu ya maili tu, yaani kama kilometa 1.2, kutoka njia ya basi, hivi kwamba mzee anayeishi mbali na njia hiyo anaweza kuachwa nje kabisa. Katika nchi hiyohiyo, Medicaid, ambayo ni bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato kidogo, kwa kawaida hulipia usafiri wa kwenda kutibiwa tu. Matokeo yake ni kwamba mtu anaweza kuwa na njia ya uhakika ya kufika kwa daktari, na asiwe na njia yoyote ya kufika kwa rafiki yake.

Najua kuna mjumbe atakayesema kwamba wazee wana watoto, na watoto watawapeleka kwingineko. Huyo mwambie awasikilize wazee wanavyoomba. Mzee hujipunguzia mwenyewe maombi. Ataomba kupelekwa kuchukua dawa, kwa sababu dawa haina ubishi, lakini hataomba kupelekwa kwenye mazoezi ya kwaya, kwa kuwa ameona jinsi mwanawe anavyotazama saa. Kila safari ya kuomba huingia katika hesabu ya fadhila ambayo hakuna anayeitaja na kila mmoja anaijua. Baada ya muda mzee husema hapendi tena kutoka, na nyumba nzima ikaamini kwamba ni umri.

Hali huwa nzito zaidi kwa wale waliozoea kuendesha wenyewe. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulikadiria kwamba dereva mwenye umri kati ya miaka 70 na 74 amebakiwa, kwa wastani, na miaka kama 11 ya kuendesha gari, na kwamba wanawake, kwa kuwa huishi zaidi, huhitaji miaka mingi zaidi ya usafiri wa kutegemea wengine. Japani imeweka utaratibu ambao mzee anaweza kuirudisha leseni yake kwa hiari na kupewa cheti cha kuonyesha kwamba aliwahi kuwa dereva, ambacho hukitumia kama kitambulisho na ambacho sehemu nyingi humpatia punguzo la nauli. Napenda hekima ya utaratibu huo, kwani unamwachia mtu kitu mkononi siku anapokabidhi funguo. Hata hivyo, cheti hakimfikishi mtu sokoni. Asipokuwa na gari la kupanda kesho yake, mwenye busara ataendelea kushika usukani hata macho yanapomsaliti, nasi tutabaki kumlaumu.

Sasa nije kwenye mlango wa gari, maana huko ndiko huduma nyingi zinakoharibikia. Kamati hupenda kuzungumzia gari. Abiria anawaza kipandio. Kama kipandio cha kwanza kiko juu, na hakuna mshikio upande wa mkono wake wenye nguvu, gari lenu ni pambo. Wafundisheni madereva kwamba mzee ndiye anayemshika dereva, dereva hamshiki mzee. Dereva asimame upande ulio dhaifu, akunje kiwiko, na angoje mkono uje. Ukimkamata mtu juu ya kiwiko na kumvuta, unamtoa kwenye mizani yake, na zaidi ya hapo unamwambia mbele za watu kwamba hajiwezi. Mwenye fremu ya kutembelea aikabidhi akiwa amekwisha kukaa, asinyang'anywe akiwa bado amesimama. Na msiseme mnatoa usafiri wa mlango hadi mlango ikiwa dereva anapiga honi barabarani. Mlango hadi mlango ni dereva kushuka, kubisha hodi, kungoja mpaka nyumba imefungwa, na wakati wa kurudi kutoondoka mpaka mzee ameingia ndani na taa imewaka.

Safari ya kurudi nayo ndiyo kipimo. Kwenda kuna saa iliyopangwa. Kurudi hutegemea foleni ya daktari, mazungumzo yaliyonoga, mvua. Nimewaona wazee wakikataa mialiko kwa sababu moja tu, kwamba hawakuwa na hakika ya kurudishwa kabla ya giza. Wawekeeni namba ya simu inayopokelewa na mtu, anayewajua kwa sauti, atakayesema ukweli kwamba gari litachelewa nusu saa. Programu za kuagizia usafiri kwenye simu ni nzuri kwa anayeziweza, na wapo wazee wanaoziweza kuliko mimi, lakini zisiwe mlango pekee wa kuingilia.

Kuhusu bima ya gari, ukaguzi wa breki na mafunzo ya huduma ya kwanza, hamna haja ya ushauri wangu. Fuateni sheria inavyotaka na mtunze kumbukumbu.

Umeniuliza pia kama wazee watoe nauli. Hapa watu wema hutofautiana. Uingereza, katika eneo la England, tangu Aprili 2008 wazee waliofikia umri uliowekwa wana kadi ya kupanda mabasi ya kawaida bure nje ya saa za msongamano, na haina mipaka ya wilaya. Hilo linawezekana kwa sababu serikali ndiyo inayolipa. Kwa huduma ndogo kama yenu, ningependelea mchango mdogo wa kila mmoja, ila usitolewe ndani ya gari. Katherine Freund, aliyeanzisha huduma ya usafiri wa wazee mjini Portland katika jimbo la Maine mwaka 1995, alilitatua jambo hili kwa namna ninayoipenda: abiria huwa na akaunti yenye salio, safari hukatwa humo, na dereva hapokei pesa wala bahashishi. Anayejitolea kuendesha hujiwekea safari zake mwenyewe za baadaye, au humpa mzazi wake anayeishi mbali, na asiyeendesha tena anaweza kulitoa gari lake likageuzwa kuwa salio la safari. Alianza baada ya mtoto wake mdogo kugongwa na dereva mwenye umri wa miaka 84. Mtoto alipona, na mama yake badala ya kumwandama mzee yule akauliza mzee huyo angepanda nini kama asingeendesha. Pesa zikishaondolewa mikononi, kinachobaki garini ni watu wawili wanaokwenda mahali.

Msidhani pia kwamba kila mzee anahitaji gari lenu. Wengi wanazuiwa na umbali wa kituo tu. Uingereza, taa za kuvukia barabara zilipangwa kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, na watafiti walipowapima wazee wa miaka 65 na zaidi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, walikuta wastani wa mita 0.9 kwa wanaume na 0.8 kwa wanawake. Kwa mwendo huo, kituo kilichoko mita 400 kinachukua dakika kama 8, tena bila benchi njiani. Mji wa Musashino, ulio ndani ya Tokyo, ulianzisha mwaka 1995 basi dogo linalopita vichochoro ambavyo basi kubwa haliingii, na vituo vyake vikawekwa kila baada ya mita kama 200, na tangu hapo miji mingi ya Japani imeiga. Kamati yenu haiwezi kuhamisha vituo, lakini inaweza kuomba benchi, na inaweza kumsindikiza mzee kwenye basi la kawaida safari za mwanzo mpaka aizoee njia, ajue wapi pa kushuka na aone kwamba watu humpisha. Atakayeliweza basi hilo ana uhuru kuliko yule tunayemchukua sisi, maana halimtaki aagize jana yake.

Nirudi kwenye hoja ya mafuta, maana mweka hazina wenu ataishikilia. Gari halitaelemewa kwa sababu watu wameruhusiwa kwenda kwenye kwaya. Litaelemewa kwa sababu safari hazikupangwa. Safari za matibabu ya kurudiarudia, kama kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, zijulikane mapema na ziwe na viti vyake kwenye ratiba. Kwa gari moja sioni njia nyingine. Viti vinavyobaki, anayetangulia kuomba ndiye apewe, awe anakwenda msibani au mnadani. Wanaoelekea upande mmoja wachukuliwe pamoja, mradi asiwepo anayezungushwa kiasi cha kuchoka kabla hajafika. Gari likijaa, aliyekosa aambiwe limejaa. Asiambiwe kwamba safari yake haina uzito, kwa sababu uzito wa safari ya mtu hatuna mizani ya kuupimia.

Nakuomba unitumie rasimu ya fomu yenu ya usajili kabla hamjaichapisha. Nitapenda iulize anapoishi abiria, anatumia kifaa gani cha kutembelea, ngazi za nyumbani kwake zikoje, anasikia vizuri kwa sikio lipi, na nani apigiwe simu ikitokea dharura. Penye swali la sababu ya safari, kama lipo, nitapitisha kalamu, na wewe unitetee kwenye kikao.

Nisalimie wote nyumbani, hasa mama. Mwambie nimeuliza kama bado anakataa kushikwa mkono.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.