Samadi peke yake haitoshi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii nichangie hoja kuhusu kilimo hai cha mazao ya shambani, hasa ushauri unaorudiwa mara kwa mara kwamba mkulima akishaacha mbolea za viwandani, anachohitaji ni samadi ya kutosha. Ushauri huo hutaja tani kwa hekta na kuishia hapo, bila kuuliza udongo ni wa aina gani wala una joto na unyevu kiasi gani.

Naitrojeni iliyomo katika samadi, tofauti na ile ya mbolea za viwandani, kwa sehemu kubwa haina budi kwanza kuachiliwa na vijidudu vya udongoni ndipo mizizi iweze kuifyonza. Udongo ukiwa wa baridi, ukikauka au ukituamisha maji, kazi ya vijidudu hivyo hudorora, na mahindi huweza kugeuka manjano katika shamba lililojaa samadi. Tena maji yakituama, bakteria wengine huigeuza naitrojeni kuwa gesi ikapotelea hewani, ilhali kwenye udongo wa kichanga mvua kubwa huizamisha mahali mizizi isipofika. Mwaka mmoja nilifukia mabua makavu siku chache kabla ya kupanda, nikidhani ninaurutubisha udongo. Vijidudu vikaitwaa naitrojeni iliyokuwapo ili kuyaozesha mabua, na miche ikadumaa nikiitazama.

Palizi nayo hutegemea hali ya hewa. Magugu yakikwatuliwa yangali nyuzi nyeupe zisizochomoza, siku ya jua na upepo, hukauka kabla ya jioni. Mvua ikinyesha saa hiyo, mengi hushika mizizi upya. Kwenye udongo wa mfinyanzi kuna hasara ya pili, kwani ukilimwa ukiwa umeloa hushindiliwa, na athari yake huvuka msimu. Mimi huchukua udongo wa kina cha jembe na kuuviringisha kiganjani: ukisokoteka kama uzi, narudi nyumbani.

Hata mikunde, ambayo sisi wa kilimo hai huisifu kupita kiasi, hushindwa kujitengenezea naitrojeni ipasavyo kwenye udongo wenye asidi kali. Ningeomba makala zijazo zimweleze mkulima jinsi ya kung'oa mche wa mkunde na kupasua vinundu vya mizizi, ili aone kama ndani vina rangi ya waridi, dalili ya kwamba bakteria wanaoutengenezea mmea naitrojeni wamo kazini, kabla hajaambiwa aongeze tani nyingine ya samadi.

Wako,
Mkulima msomaji