Taka zisichomwe uani

Mhariri,

Mimi ni mshona kofia za kiua hapa Ngamiani, Tanga, mwaka wa 31 sasa. Kazi yangu ni kitambaa cheupe, na kitambaa cheupe hakifichi kitu. Jumatatu iliyopita nililaza kofia dirishani, imebaki duara la juu tu kwisha. Alfajiri nikaikuta ina vidoadoa vyeusi, vyepesi kama unyoya. Ukivipuliza vinaruka, ukivigusa vinapakaa na kuacha mstari usiotoka hata kwa sabuni ya mche. Ni masizi ya taka zilizochomwa uani nyumba ya nyuma, na si wao peke yao. Pita mtaani kwetu baada ya swala ya magharibi uhesabu mioto: hapa majani ya mwembe na makumbi ya nazi, pale pampasi na mifuko, mbele kidogo chupa za plastiki na kiatu kilichochakaa.

Kofia nitashona nyingine. Kinachonitoa machozi ni mjukuu wangu wa miaka sita, mwenye pumu. Usiku uleule tulimkimbiza hospitali saa nane, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi, hawezi kutamka neno zima. Akapewa dawa ya kuvuta, akatulia, nasi tukashukuru. Tuliporudi nyumbani harufu ya plastiki ilikuwa bado imo chumbani, kwenye chandarua na kwenye mto wake.

Mwanangu anasomesha sayansi sekondari. Nilipomwonyesha ile kofia akaniambia, "Mama, hayo unayoyaona siyo mabaya zaidi." Masizi makubwa hunaswa puani, tukayapenga. Zinazoua ni chembe ambazo jicho halizioni, zisizozidi maikromita 2.5 kwa upana. Unywele mmoja wa kichwani ni mpana kuliko chembe hiyo karibu mara 30. Hizo pua haizizuii. Zinashuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, pale hewa inapokutana na damu, na nyingine zinavuka na kuingia damuni. Ndiyo maana moshi hauishii kwenye kikohozi, bali huleta kiharusi na maradhi ya moyo, na tangu 2013 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka hewa chafu ya nje kwenye orodha ya visababishi vya saratani. Shirika hilo linakadiria kuwa hewa chafu, ya nje na ya majikoni, inaua watu wapatao milioni 7 kila mwaka kabla ya wakati wao. Mwaka 2021 lilishusha kiwango cha chembe hizo kinachopendekezwa, wastani wa mwaka mzima, kutoka maikrogramu 10 hadi 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa.

Moto wa uani una ubaya wake wa pekee, kwa sababu hauwaki, unafuka. Taka zetu ni mbichi. Maganda ya mihogo na mabaki ya samaki yamelowa, lundo limeshikamana, hewa haipiti katikati, na joto halifiki kiasi cha kuunguza kila kitu. Moshi ule mweupe mzito ni vitu vilivyoungua nusu. Plastiki zenye klorini, kama vipande vya mabomba ya maji na maganda ya nyaya za umeme, zikiungua namna hiyo hutoa sumu iitwayo dayoksini. Sumu hii haiondoki moto ukizimika. Inabaki kwenye jivu, kuku wanakuja kuchokora, inajihifadhi kwenye mafuta ya miili yao na kupita mpaka kwenye yai. Mayai ya kienyeji ninayompikia mgonjwa wangu nayanunua nyumba ileile ya nyuma.

Na saa tunayoichagua ndiyo mbaya kuliko zote. Mchana upepo wa bahari unavuma na moshi unatawanyika. Jua likizama, upepo hutulia, ardhi inapoa haraka, hewa ya chini inakuwa baridi na nzito, ya joto inakaa juu yake na kutufunika kama kawa juu ya sinia. Moshi hauna pa kwenda. Unatambaa uchochoroni, unaingia madirishani, unalala na watoto mpaka umande, ule upepo wa alfajiri utokao bara, uje kuusukuma kuelekea baharini.

Najua wapo watakaosema mnyonge aachwe, moshi hasa ni wa viwanda na malori. Navyo vidhibitiwe, nchi ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za viwango vya ubora wa hewa za 2007, zitumike. Lakini someni yaliyoupata mji wa London Desemba 1952. Baridi ilikuwa kali, upepo umekufa, kawa lilelile likaufunika mji siku tano. Hesabu ya kwanza ilikuwa watu 4,000 waliokufa, tafiti za baadaye zikaifikisha mpaka 12,000. Sehemu kubwa ya moshi ule ilitoka kwenye makaa ya mawe ya mekoni mwa watu wa kawaida, siyo viwandani tu. Sheria yao ya 1956 iliingia mpaka majumbani: mabaraza ya miji yakapewa uwezo wa kutenga maeneo yasiyoruhusiwa moshi, na wenye nyumba wakasaidiwa gharama za kubadili meko. Walizuia, na wakasaidia. Hapo pa kusaidia ndipo penye barua yangu.

Maana hatuchomi kwa kupenda. Nami nimechoma miaka mingi, na makumbi nimefukiza jioni kufukuza mbu, kama alivyonifundisha mama yangu. Mama hakuwa na pampasi wala nailoni. Taka zake zilikuwa maganda na majani, na ua wake ulikuwa mpana. Leo gari la taka linapita wiki hii, mbili zinazofuata halionekani. Pampasi zikikaa siku tano kwenye joto letu hili zinatoa funza. Mama mwenye watoto wanne, chumba kimoja, afanye nini? Anawasha kiberiti.

Tumekaa, nyumba 11, tukakubaliana. Maganda na majani tunayafukia shimoni yawe mboji, na hayo ndiyo mengi. Chupa anakuja kijana kuzinunua kwa kilo. Zinazobaki, pampasi na nailoni, tumemkodi mwenye guta azichukue kila Ijumaa, na kila nyumba inachangia. Ijumaa ya kwanza mwenye guta alizunguka kutafuta pa kumwaga mpaka saa kumi jioni, kila alipofika akafukuzwa, akarudi na mzigo wetu.

Ninachoomba kwa wenye dhamana ya usafi wa mji ni mahali palipo karibu pa kumwaga, na siku moja isiyobadilika ya gari kuja kuzoa hapo. Wakiweza kutuwekea na kipima hewa kwenye shule moja ya mtaani, wakasoma namba zake redioni kila asubuhi, sisi wenye wagonjwa wa pumu tutajua siku ya kumzuia mtoto ndani. Guta tunalo, na mchango wa Ijumaa hii umeshakusanywa.

Mshona kofia,
Ngamiani, Tanga