Ile picha ya getini

Shoga yangu,

Asalaam aleikum, wa hali gani wewe na watoto? Sisi wazima, ila mimi mguu. Najua nimenyamaza toka Idi na lawama zako ni haki, lakini ziweke kwanza, leo nina shida na nataka kitu kwako, nitakwambia huko mbele.

Nimeumwa na mbwa. Kule Nyali kwa yule mama wa mahamri ya Jumamosi, pale penye mkilifi mkubwa, si ulinisindikiza siku moja? Kanipigia simu mwenyewe, ingia tu geti liko wazi. Nikaingia na beseni langu kichwani na huyo mbwa hata kubweka hakubweka, nimeshtukia meno kwenye shavu la mguu. Mashimo manne na kipande cha nyama chaning'inia, samahani kama unakula. Na unajua kilichofanya aniache? Beseni lilipoanguka akaenda kula mahamri! Arubaini na mbili, na nazi ilivyopanda bei.

Nafika nyumbani mamangu katoka na mchanga, ati mate ya mbwa huoshwa mara saba na moja kwa mchanga, nami damu yatoka. Rukia ndiye aliyenivuta bombani, sabuni na maji ya kutiririka dakika 15 nzima, nesi akamsifu sana. Mamangu mpaka leo anitazama kama bado nina najisi.

Sindano za kichaa cha mbwa ni tano shoga, siku ile ile, halafu ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Hospitali dawa hakuna, nanunua mwenyewe duka la dawa. Mbwa naye wameambiwa wamfunge aangaliwe siku 10, leo ya 8, Saumu, mfanyakazi wao wa ndani, asema ala kuliko mimi. Kadi yake ya chanjo nimeiomba, naambiwa ipo, ipo, sijaiona.

Sasa mzee mwenye mbwa kaja na 5,000 na karatasi ya Kiingereza. Nikitia sahihi sidai tena chochote, basi, imekwisha. Na sindano peke yake zitapita hizo! Ati mama si kibao kipo getini, Mbwa Kali, hukukiona? Nilikiona, miaka minne nakiona. Nikanyamaza kama mjinga. Lakini kuna karani wa wakili mmoja, mteja wangu wa mbaazi, nilipomhadithia akacheka, akasema kibao hicho ndicho kinachomfunga mzee, aliyeandika Mbwa Kali amekiri kwamba ajua mbwa wake mkali, na sheria tuliyoachiwa na Waingereza ndivyo ilivyo, ukiijua tabia mbaya ya mnyama wako akiuma mtu walipa hata kama hukuzembea. Na mimi sikuruka ukuta, nimeitwa kwa simu, kibao kingenikinga na nini?

Akaniambia kuna Mahakama ya Madai Madogo, yasikiza madai mpaka shilingi milioni 1, kesi yatakiwa iishe ndani ya siku 60 na waweza kujisimamia bila wakili. Nisikimbilie sahihi, muda wa kudai ni miaka 3. Namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, ninayo. Risiti zote niweke, gharama bila risiti hakimu hakupi, maumivu ndiyo yana hesabu yake. Sasa tuktuk gani yatoa risiti jamani?

Haya, sikiza la Saumu. Kaja usiku kaniambia mbwa huyo huyo alimuuma kijana wa mtungi wa gesi Ramadhani, wakamalizana kwa elfu mbili. Akaniapisha nisimtaje. Karani asema ushahidi kama huo ndio kesi yenyewe, lakini Saumu ana watoto watatu, nikimtaja leo kesho yuko nje na masanduku yake. Nikasema basi nitategemea kibao. Jana Rukia kapita pale, kibao hakipo! Kimebaki kipande cha rangi mbichi cha mraba na matundu mawili ya misumari.

Ndiyo nikakumbuka ile picha tuliyopiga pale tukicheka, beseni kichwani mwako, kibao nyuma ya sikio lako. Simu yangu ya zamani iliingia maji unajua. Wewe bado unayo? Waweza kunitumia kama ilivyo, bila kuikata wala kuitia maua yako yale? Ile tarehe yaonekana? Na Kheri si alikuwa akipeleka gesi Nyali, hamjui huyo kijana, ili Saumu nimwache kando kabisa? Na wewe ungechukua hizo 5,000? Nitampoteza mteja wa miaka minne, au nishampoteza?

Nijibu upesi, mzee asema yuaja Ijumaa jioni kuchukua karatasi yake. Nimeiweka chini ya godoro.

Mwenzio,
Mwanamkuu