Mheshimiwa Waziri, dawa ya baba ina saa yake

Mheshimiwa Waziri wa Afya, Zanzibar,

Assalamu alaykum. Nakuandikia kutoka Wete, Pemba, na shida yangu ni kidonge.

Baba yangu alikuwa mchumaji karafuu. Leo mkono wake wa kulia hautulii na vifungo vya kanzu namfunga mimi. Majirani walisema kachezewa, tukazunguka kwa waganga hadi daktari mmoja Unguja alipotwambia ni Parkinson. Maradhi haya yanajulikana tangu 1817: seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouongoza mwendo wa mwili, hufa kidogo kidogo, mwili ukawa mzito kutii. Hayaponi, hutulizwa tu, na kinachomtuliza baba ni levodopa, dawa inayogeuka dopamini ubongoni, pamoja na kabidopa inayoisaidia kufika huko.

Humeza saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane na saa kumi na mbili jioni. Anameza nusu saa kabla ya kula, maana dawa hii na protini ya samaki hugombania mlango mmoja wa kuingilia mwilini. (Mpemba kuambiwa amngojee samaki apoe, huo nao mtihani.) Akiipata kwa wakati, huenda msikitini kwa miguu yake. Ikichelewa, husimama kizingitini, macho yanataka kwenda na miguu imeganda. Nimemtandikia vipande vya ukili sakafuni, kimoja kila hatua. Akiviona huvivuka, na mguu hufunguka.

Hayo ya nyumbani tunayaweza. Mwaka jana alilazwa kwa homa ya mapafu, hospitali sitoitaja. Muuguzi akavifungia vidonge vyake kabatini, apewe kwa zamu ya wodi. Nikamwambia saa nne inapita. "Subiri dada yangu, dawa ni saa nane." Hakuwa na ubaya, alikuwa peke yake na vitanda vingi. Lakini ilipofika saa sita baba alikuwa gogo, uji unamtoka pembeni mwa mdomo, na mtu wa namna hiyo uji huweza kumwingia mapafuni, mahali palepale tulipompeleka kutibiwa.

Naomba wodi zote ziagizwe: mgonjwa wa Parkinson apewe dawa kwa saa zake, au jamaa yake aachiwe ampe. Na kabla ya kumpa dawa ya kuzuia kutapika waulize kwanza, kwani mojawapo, metoklopramidi, humzidishia maradhi.

La pili, levodopa isikatike Pemba. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ikikatwa ghafla mgonjwa anaweza kukakamaa kwa homa kali. Mara ya mwisho ilipokosekana nilimpa pesa abiria wa boti aninunulie Unguja. Wapo wanaonishauri nimsagie upupu, kwa kuwa mbegu zake zina levodopa. Kweli zinayo, lakini nitampimia kwa kijiko gani?

Karatasi ya saa za baba nimeibandika ukutani. Muuguzi yeyote akitaka nakala, nitamletea.

Wako,
Binti wa mgonjwa, Wete